Sindano ya Nguvu

4 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti linasemaje? Mimi ni mzima wa mwili, ila kuna mlio mmoja ambao haujanitoka masikioni tangu nirudi huku: mlio wa kifuniko cha sindano kikianguka kwenye bakuli la bati. Ti. Nausikia nikiwa kazini, juu ya kurasa za vitabu ninazosahihisha kabla hazijachapwa. Mwenzangu wa meza ya pili ameniuliza kama ninaumwa jino.

Ulinituma nimsindikize Dada kliniki kwa sababu goti lilikukatalia ngazi za basi. Ukasema, "Ni ile sindano yake ya nguvu tu, ameshaizoea." Tulikaa kwenye benchi katikati ya akina mama wenye watoto. Dada alikuwa anawachekea watoto wa watu, na mmoja alimshika kidole akakataa kukiachia. Muuguzi akafungua mlango: "Uzazi wa mpango, wa kwanza aingie." Dada akasimama. Nikamvuta sketi.

"Kaa, si sisi hao."

"Ni sisi. Wewe mgeni hapa."

Alikunja mkono wa blauzi bila kuambiwa. Kifuniko kikaanguka. Nikamwuliza muuguzi ni dawa gani, akanitazama kama mtu aliyeulizwa jua linachomoza wapi. "Ya kuzuia mimba. Si nyinyi mnaomleta?" Dada akamjibu kwa niaba yangu, kwa furaha kabisa: "Ya nguvu." Muuguzi akainamisha macho. Kila mtu chumbani mle alijua, isipokuwa mwenye mkono.

Tulipotoka alinunua karanga, akanigawia, akaanza kunieleza habari za mama mkwe wake. "Ananiita gunia tupu. Anasema Mpiga Pasi atafutiwe mwanamke mwingine." Unajua anavyomwita mumewe kwa kazi yake, kama vile pale kwa dobi wanapofanya kazi wote wawili hakuna mpiga pasi mwingine. "Halafu wewe umesoma, hebu niambie. Mimi nampenda, yeye ananipenda, kitanda tunacho. Mtoto anakataa nini?"

Nilijifanya karanga imenikwama.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa kuwa najua simu zako unazipokea barazani, kati ya cherehani na wateja wenye masikio marefu. Nieleze, Mama. Ni kweli hajui? Tangu lini? Na kama hajui, nani kati yetu atamwambia?

Nakubusu mikono.

Mwanao, kitindamimba wako


16 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo kwa kadiri ya goti. Limezeeka kabla yangu, kila asubuhi linanitangulia kulalamika. Wewe kula vizuri, na usikae na njaa mbele ya hizo kurasa. Macho hayauzwi dukani.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimefunga mlango. Sasa nisikilize.

Dada yako alipokuwa na miaka kumi na sita wewe ulikuwa mtoto wa kuchezea matope. Mwenye duka la kona alikuwa anampa biskuti ili amfuate stoo. Si mara moja. Siku niliyogundua nilikwenda pale na mkasi wangu wa kukatia vitambaa, watu wakafikiri nimekuja kuchukua vipimo. Alifunga duka mwezi mzima. Lakini mwenye duka mmoja ukimfukuza, wamebaki wangapi? Siwezi kumshonea dada yako ukuta akatembea nao. Nikampeleka kliniki.

Alikuwa anaogopa sindano, anapiga kelele mpaka nje. Nikamwambia ni ya nguvu, itamfanya aweze kazi kama watu wengine. Akanyamaza pale pale. Na wewe unaijua kanuni ya nyumba yetu: Dada yako hupewa jambo moja kwa sentensi moja, na sentensi haibadilishwi. "Moto unauma." "Barabara ni ya magari." "Mlango haufunguliwi kwa usiyemjua." Ndivyo alivyokua, ndivyo alivyojua kazi, ndivyo alivyofika mpaka kuolewa. Ukimbadilishia sentensi moja, zote zinalegea. Mimi nimeyaona hayo, wewe ulikuwa bwenini.

Unadhani ndoa ile niliikubali kwa nini? Wote wawili wametoka darasa moja la wanaojifunza polepole. Ni watu wazuri, wanapendana kama njiwa, sikatai. Lakini nilikubali kwa sababu sindano ilikuwepo. Bila sindano ningesema hapana, na leo asingekuwa na mume wa kumlilia.

Mkwe wake mwache aseme. Maneno hayatoboi nguo.

Umezoea kusahihisha, sasa umefika kwa mama yako. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Usimwambie kitu.

Mimi mama yako


23 Februari

Mama,

Shikamoo tena. Natumaini goti limetulia na mteja wa sare za shule amekulipa bila kelele. Huku kuna joto, na feni ya ofisini inazunguka kama imelazimishwa.

Sijakusahihisha. Ningekuwa mimi, na binti yangu akapelekwa stoo kwa biskuti, labda ningefanya kama wewe, tena kwa mikono mitupu, bila kungoja mkasi. Siulizi habari za msichana wa miaka kumi na sita. Nauliza habari za mwanamke wa miaka thelathini na moja, mwenye mume, anayekunja mashuka ya hoteli nzima mpaka msimamizi humpa wafanyakazi wapya awafundishe kushika pembe.

Unasema maneno hayatoboi nguo. Mama, yeye yamemtoboa. Anaitwa gunia tupu kwa kitu ambacho sisi ndio tunakifanya, na anaamini.

Wiki hii nasahihisha kitabu cha sayansi cha shule ya msingi. Kuna ukurasa mzima wa mfuko wa uzazi, umechorwa vizuri, mishale na majina. Nilipofika hapo nikasimama. Watoto wataelezwa na mwalimu darasani, wacheke, waandike, wafanye mtihani. Dada hakuelezwa. Tulimvusha ukurasa.

Labda akijua atasema, "Sindano iendelee." Labda atasema hataki mtoto anayelia usiku. Sijui. Ndicho kinachonisumbua, kwamba sijui, na wewe hujui, na hatujawahi kumwuliza.

Mwambie Jumapili akija kukusalimia. Kwa sentensi moja, kama kanuni inavyotaka. Nakuomba.

Mwanao


11 Aprili

Mwanangu,

Salamu. Nimechelewa kukujibu, na leo nina mengi mno.

Dada yako anaumwa. Tangu katikati ya Machi anatokwa na damu, leo nyingi, kesho kidogo, haikatiki. Kichwa kinamgonga. Wiki iliyopita alianguka juu ya rundo la mashuka, na bahati ni kwamba yalikuwa masafi, maana aliponiona tu alianza kunieleza kwamba hakuyachafua. Mpiga Pasi alikaa naye bila kwenda kazini, na msimamizi wao amekasirika.

Nimempeleka kwa daktari anayetazama wanawake, yule mwenye hospitali ya ghorofa. Amesema sindano haimfai tena. Nikamwuliza, basi tufanyeje? Akasema kuna njia ya kumaliza kabisa, mirija inafungwa, anatoka kesho yake. Nikaona mlango umefunguka. Mwanangu, mimi sitaishi milele. Nikiondoka nani atakumbuka tarehe za sindano? Bora jambo liishe nikiwa na macho.

Tumepanga Ijumaa ya katikati ya Mei. Nitamwambia ana kidonda cha tumbo, na mumewe nitamwambia hivyo hivyo. Daktari anataka ndugu wawili waweke sahihi. Karatasi nimeiweka humu. Weka sahihi uirudishe.

Najua utakavyosema. Kwa hiyo nijibu hili kwanza, na unijibu bila vitabu: huyo mtoto akizaliwa, usiku akiwaka homa, nani ataamka? Nani atasoma chupa ya dawa? Baba yenu alikwishakwenda zake, na mimi na goti hili? Au wewe, ambaye hata Krismasi ulikuja siku mbili? Uchungu wa mwana aujua mzazi, na mimi nina uchungu wa aliyepo. Wa asiyekuwepo siuwezi.

Mama yako


17 Aprili

Mama,

Shikamoo, na pole, na Dada pole zaidi.

Swali lako limeniingia. Nimetembea nalo kutoka ofisini hadi chumbani na kurudi, kwa sababu nilipofika chumbani sikuweza kukaa.

Sahihi sijaweka. Nataka nimwone kwanza. Nimeomba likizo, nitakwenda kwake moja kwa moja.

Mwanao


25 Aprili

Kitindamimba,

Sina salamu leo, nina ujumbe.

Nenda ukamwone, ni dada yako, siwezi kukuzuia. Mpikie, mfulie, mshike mkono. Lakini mdomo uufunge. Ukimwambia, utakuwa umeninyang'anya mtoto, na sijui utampeleka wapi ukishamchukua.

Ijumaa ile nitamfuata mwenyewe kwa gari la asubuhi.

Mama yenu


9 Mei

Mama mpendwa,

Shikamoo. Dada hajambo. Damu imepungua sana, anakula, na jana alimgombeza jirani kwa kuanika vibaya. Nimeanza na hilo kwa kuwa najua ndilo ungeliuliza kwanza, hata kama umenikasirikia.

Nilifika Jumatatu iliyopita. Mpiga Pasi alinifungulia, akaupokea mkoba wangu kwa mikono miwili. "Karibu, Shemeji Vitabu. Leo umekuja na kilo ngapi?" Sijui kama umewahi kukiangalia vizuri chumba chao. Kila kitu kimekunjwa pembe nne: mashati, taulo, hata mifuko ya nailoni. Dada alikuwa amelala akiitazama dari. Nikakaa kitandani, nikamwuliza swali ambalo mimi, wewe na daktari wa ghorofa hatukuwa tumemwuliza: kabla damu haijaanza, ulifanya nini?

Aliangalia mlango kwanza.

"Usimwambie Mama."

"Siwezi kukuahidi hilo."

Akafikiri. "Basi mwambie taratibu. Mkwe wangu alisema mimba hainikai kwa sababu sina nguvu za kuishika. Nikaenda kuongeza."

"Kuongeza nini?"

"Nguvu! Kuna zahanati nyuma ya soko. Nikasema nimekuja kwa uzazi wa mpango, vile muuguzi wetu anavyosema mlangoni. Wakanichoma. Nikangoja, mtoto hakuja. Nikaenda tena zahanati nyingine. Sasa nadhani zimezidi, ndiyo maana zinamwagika."

Mama, soma hapo tena. Alitaka mtoto, akaenda mwenyewe, kwa miguu yake, siku yake ya mapumziko, kuchomwa dawa ya kumzuia. Alifikiri vizuri mwanzo hadi mwisho. Sentensi ndiyo ilikuwa ya uongo, na sentensi tulimpa sisi.

Hapo nikajua siwezi kufunga mdomo. Nilimngoja Mpiga Pasi arudi kutoka bombani, nikawaketisha wote wawili. Nilikuwa na ule ukurasa wa kitabu cha sayansi. Nikautandaza kitandani, nikawaonyesha mahali mtoto anapokaa, na njia anayopita. Nikasema: "Sindano ile haitoi nguvu. Inazuia mtoto."

Dada aliutazama ukurasa kwa muda mrefu. Akaweka kiganja chake juu ya mchoro, kama anayepima.

"Kwa hiyo mimi si gunia tupu."

"Hapana."

"Na kufua kote kule? Kubeba ndoo? Nguvu zile ni za nani?"

"Zako. Zilikuwa zako siku zote."

"Mama anajua?"

Ningeweza kukusitiri, Mama. Nilitaka. Nikasema, "Mama ndiye aliyeanza, kwa sababu aliogopa watu wabaya. Na sasa daktari anataka kukufunga ili usizae kabisa. Tumbo lako halina kidonda."

Aliinuka akaanza kutupa nguo. Alizitoa rafuni moja moja, akazikunjua, akazitupa sakafuni. Mpiga Pasi alikuwa nyuma yake akiziokota na kuzikunja, na Dada anazichukua tena anazitupa. Mwishowe Mpiga Pasi ndiye aliyechoka kuokota, akakaa chini katikati ya nguo, akasema kwa sauti ndogo, "Mama yangu ananinywesha mizizi kila Jumamosi. Michungu. Nilijua mbovu ni mimi."

Dada akasimama na shati mkononi. "Hata wewe?"

"Hata mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilifikiri utanicheka."

Akamcheka, Mama. Halafu wakalia wote wawili, na mimi nikatoka nje nikasimama kwenye ukumbi kama mpangaji anayedaiwa.

Siku ya pili tulikwenda kliniki sote watatu, kwa yule yule muuguzi. Alianza kuzungumza na mimi. "Mgonjwa wako anaendeleaje?" Dada akapiga meza kwa kiganja. "Mimi nipo hapa. Niulize mimi." Muuguzi akageuza kiti, na sitamnyima haki yake, tangu hapo hakunitazama tena. Alimpima. Alimweleza kwamba dawa ikizidi huvuruga damu, kwamba itatulia, na kwamba inaweza kuchukua miezi mingi, hata mwaka, kabla mwili haujawa tayari kushika mimba. Akamweleza njia nyingine za kupanga, moja moja, kwa vitu vya kushikwa mkononi. Kisha akamwuliza lile swali lako.

"Mtoto huamka usiku. Utafanyaje?"

"Nitaamka. Kwani wako alikuwa haamki?"

"Akiwa na homa?"

"Nitamleta hapa. Njia naijua. Hii njia nimeijua tangu nikiwa msichana." Kisha akaongeza: "Kusoma chupa siwezi. Mtu atanisomea. Wewe utaniandikia kwa michoro."

Muuguzi akasema ataandika kwa michoro. Akamwambia pia, bila kumpamba, kwamba kulea ni kugumu kwa kila mtu na kwake kutakuwa kugumu zaidi, kwamba atahitaji watu wa kudumu, si wa kupita. Akamwuliza anataka nini. Dada akasema: "Sindano sitaki tena. Kufungwa sitaki. Mtoto namtaka, lakini si leo. Kwanza nipone, na mkwe wangu aniombe radhi." Mpiga Pasi akaongeza, "Na mizizi iishe." Hayo ndiyo mapatano yao, na kwa sasa wanatumia mpira. Muuguzi alimfundisha Mpiga Pasi mpaka akaona haya, na Dada akawa anamsimamia kama mwanafunzi wa dobi.

Jumapili hii hatakuja kwako. Amesema, "Nyingine, labda. Nimemkasirikia, mwambie hivyo hivyo." Nimekuambia hivyo hivyo. Usiku ule wa kutoka kliniki alinikumbusha pia kwamba wewe ndiye uliyemfundisha kufunga kamba za viatu, kwa wiki nyingi, bila kumpiga. Hakusema kwa nini anakumbuka.

Mimi sijashinda kitu. Kuna saa naona umesema kweli tupu, na kwamba nimefungua mlango nisioweza kuufunga. Sijui kubeba mtoto mchanga. Sipendi kuamshwa. Muuguzi aliposema "watu wa kudumu" nilitazama viatu vyangu. Uliniuliza nani ataamka, ukanitaka nijibu bila vitabu, na kwa siku kadhaa nilikuwa nikitunga jibu kichwani, kila mara zuri kuliko la kwanza, na kila mara la maneno tu.

Basi nimeacha kutunga. Msimamizi wangu amekubali nisahihishe nikiwa mbali, kurasa zitanijia kwa mafungu. Amenipunguzia kazi na cheo nilichokuwa nakingoja amempa mwingine, na sikubishana. Kwa daktari wa ghorofa tulikwenda jana watatu. Dada alimwambia mwenyewe, akiwa amesimama, "Tumbo ni langu, na silileti." Nami nikamrudishia karatasi isiyo na sahihi yangu. Kwa hiyo Ijumaa usipande gari la asubuhi, Mama. Hakuna wa kumfuata.

Chumba kinachopakana na chao kilikuwa wazi. Ukuta ni mwembamba, nawasikia wakibishana nani azime taa. Godoro langu limeshafika. Nimehamia tangu Jumatano.

Mwanao